Zambarau ya Jua, Zambarau ya Taa

Jumatano, 2 Julai 2025

Siku ya mnada. Mume wangu ametoka kabla ya adhana. Dalali wa mbuzi hana Jumatano ya kulala. Nimefungua kibanda saa mbili, na kufikia saa nne nilikuwa nimeshona soli tatu na kubadilisha zipu ya begi la shule. Mia hapa, mia mbili pale.

Saa tano wakaingia mama na bintiye. Mama namjua kwa sura, anauza nguo ndani ya Soko Mugdi, hapa Garissa. Binti ndiyo mara ya kwanza namwona: hijabu ya kijivu, raba nyeupe, na Kiswahili kilichokaa Minneapolis miaka tisa kikashika kutu.

"Abaayo, hebu tazama mtoto alichofanya," mama akasema kabla hata ya kuketi. "Hii ni bei ya ngamia mzima."

"Hooyo, usitaje bei!"

Ukatolewa mkoba kutoka kwenye mfuko wa kitambaa. Mikoba ya zambarau nimeishika mingi, maana hapa mwanamke akivaa dirac ya zambarau harusini basi na pochi iwe zambarau. Lakini ile ni plastiki ya Eastleigh, ikipigwa jua miezi miwili inabanduka kama nyoka anayevua gamba. Huu ni ngozi ya mbuzi, halisi. Katikati ya kifuniko unapita mstari mwembamba wa uti wa mgongo, ambao fundi wa huko ameuweka pale makusudi. Mshono ni wa mkono, sindano mbili uzi mmoja, kila kichomo kimelala upande kama mvua ya upepo. Jina la kampuni sitaliandika, madaftari hupotea.

Kilichotokea: chupa ya sanitaiza ilifunguka ndani ya basi walipopita Mwingi. Spiriti ikala rangi kwenye pembe ya kifuniko, doa la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Binti akalifuta kwa nguvu na leso, akamaliza kuliharibu. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 12. Ndugu yake wa kiume anaoa.

Nimesema nitajaribu. Sikusema nitaweza.

Alhamisi, 3 Julai, usiku

Nimeukagua mkoba kwa miwani ya kusomea. Pale rangi ilipoliwa ngozi si nyeupe wala si hudhurungi. Ni ya samawati iliyofifia, kama kanzu iliyosuuzwa kwa maji ya nili. Basi ngozi hii ilitiwa kromu. Ngozi ya kromu hutoka kwenye pipa ikiwa na ubluu wake, na rangi yoyote utakayoipaka juu inaubeba ubluu ule ndani yake. Ndiyo maana zambarau hii iko baridi, safi, kama imeoshwa.

Baba yangu, Lamu, alishona makubadhi kwa ngozi iliyolainishwa na magome ya miti. Huku nyika nako kuna gome la galool, na ngozi yake hutoka nyekundu ya udongo. Paka zambarau juu ya ngozi hiyo uone: haiwi zambarau, inakuwa biringani lililolala siku tatu. Siyo mbaya, ila siyo hii.

Binti amenitumia kwenye simu orodha ya rangi za zambarau za Hermès wa Ufaransa. Wake si wa Hermès, lakini aliyemuuzia alimwambia rangi yake "ni kama Raisin". Nimesoma majina hayo kwa sauti, mwanangu wa kidato cha tatu akicheka matamshi yangu: Raisin, Cassis, Anémone, Améthyste, Iris, Ultraviolet. Matunda, maua, kito. Kila jina ni zambarau yake peke yake, na mtu anayejua hizi habari hawezi kukubali Améthyste alipoagiza Anémone. Raisin kwa Wafaransa ni tunda bichi la mzabibu, lakini wasomaji wa Kiingereza wanadhani ni lile lililokauka. Sisi tusingegombana hapo, zabibu ni zabibu, bichi kwa kavu.

Mama yake binti alishatoa hukumu yake jana: "Dada, hiyo ni kitunguu." Nikamuuliza, ganda la nje au la ndani? Akafikiri sana. "La ndani. La pili kutoka nje." Mpaka sasa hakuna aliyenipa kipimo sahihi kuliko hicho. Kesho nitanunua kitunguu cha Garissa na kukimenya.

Kuna urujuani pia. Neno la vitabu. Sijawahi kumsikia mteja akiomba kitu cha urujuani. Wanaomba zambarau, au damu ya mzee kama imeingia wekundu mzito. Neno urujuani lilitujia na Waarabu, nao wanalishiriki na Waajemi. Zambarau tuliichukua kwenye tunda. Mtoto wa pwani haulizi ni rangi gani, anatoa ulimi.

Jumamosi, 5 Julai

Kitunguu kilikuwa sawa kwa dakika kumi. Kisha kikakauka na kubadilika. Mama mtu ana jicho, ila kipimo chake kinaoza.

Nimepiga simu Kariokor, Nairobi, kwa muuzaji wangu wa rangi. Nimeagiza nyekundu yenye upinki, samawati, nyeusi kidogo, na chupa ndogo ya zambarau tayari, ile inayotoka dukani ikiwa zambarau. Pamoja na vipande vya ngozi ya mbuzi ya kromu ambayo haijapakwa rangi. Amesema atatia kifurushi kwenye basi Jumapili usiku.

Vipande vya ngozi ya mbuzi naagiza Nairobi! Mimi ninayelala na kuamka katikati ya mbuzi. Mume wangu ananiletea ngozi bichi akinitania: "Chukua, hii ni shilingi hamsini." Hamsini kweli, na wiki nyingine hana wa kumpa hata hiyo. Inapakwa chumvi, inakauka, inapanda lori. Mnamo 2012 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka ushuru wa asilimia 80 kwa ngozi ghafi zinazouzwa nje, ili zichakatwe hapa kwetu. Wazo zuri. Ila mbuzi wa hapa analala kwenye miiba, kupe wanamtoboa, mwenye mbuzi naye anamtia chapa ya moto, sumad, tena ubavuni. Mchinjaji akimaliza kwa kisu cha haraka, kilichobaki cha mkoba ni kidogo. Ule mstari wa uti wa mgongo kwenye mkoba wa binti hauna kovu hata moja. Mbuzi yule aliishi wapi?

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, siku ya maandamano. Barabara za kuingia Nairobi zimefungwa na polisi, mabasi hayakutoka. Kifurushi kimekwama. Siku tano zimebaki, na mama mtu ameshapita mara mbili "kunisalimia".

Kibanda kitupu, nikakaa na mwanangu akisoma kemia kwa sauti. Akanifikia na habari ya William Perkin. Nilikuwa siijui. Mwaka 1856, kijana wa miaka 18, London, anahangaika kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe, maana malaria ilikuwa inawamaliza Waingereza katika makoloni yao. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi, na alipousafisha kwa spiriti ukatoa zambarau. Ndiyo rangi ya kwanza ya viwandani kuenea duniani. Miaka miwili baadaye Malkia Victoria alivaa zambarau kwenye harusi ya bintiye.

"Kwa hiyo mama, zambarau ni dawa ya malaria iliyokosewa," akasema.

Nimelipenda hilo, tukiwa tumekaa hapa karibu na Mto Tana, chandarua kimening'inia juu ya kitanda.

Kabla ya Perkin, zambarau ya wafalme ilitoka kwa konokono wa baharini, huko Tiro, Lebanoni ya leo. Kitabu cha mwanangu kinasema mwaka 1909 mwanakemia mmoja, Friedländer, alichukua konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu. Nimepima kwa jicho: gramu moja na nusu ya unga wa rangi ninaimwaga mezani bila kujua nikipiga chafya.

Jumatano, 9 Julai

Kifurushi kimefika asubuhi. Nilikipokea stendi, nikapitia mnadani kumpelekea mume wangu chai ya thermosi.

Pale nikaiona zambarau ambayo sikuwa nikiitafuta. Mbuzi jike mweupe, wa aina ya Galla, amepuliziwa dawa ya kidonda kwenye bega. Ile ya kopo, ya zambarau. Juu ya manyoya meupe, kwenye jua la saa tatu, iliwaka kama kito. Nikainama kuitazama. Mwenye mbuzi akadhani nataka kununua.

"Hiyo imepuliziwa leo?" nikamuuliza mume wangu.

"Leo asubuhi. Wiki ijayo hutaiona, jua linaila. Hata zile za kliniki, si unajua?"

Najua. Mtoto akipakwa GV mdomoni, siku tatu ni vituko, siku ya saba huna la kumwonyesha mtu.

Jioni nimefanya majaribio. Naandika vipimo nisije nikasahau.

Kwanza: nyekundu matone 6, samawati 4. Imekuwa damu ya mzee. Hapana.
Pili: nyekundu 4, samawati 5. Karibu. Imepoa.
Tatu: nyekundu 4, samawati 5, nyeusi ncha ya kijiti. Ikilowa ni yenyewe hasa. Nimeiacha ikauke usiku kucha, kwa sababu rangi ya ngozi ikiwa mbichi husema uongo.
Nne: zambarau ya chupa matone 5, samawati 1. Nimeifanya kwa udadisi tu.

Alhamisi, 10 Julai

Saa moja asubuhi, chini ya taa ya kibanda, kipande cha tatu na mkoba ni pacha. Nikamwita jirani anayeuza simu, akashindwa kuonyesha kipi ni kipi. Nimefurahi kama mjinga. Nikatoka nacho nje kujiringia juani.

Nje kipande kimekuwa chekundu! Siyo kidogo. Mkoba umebaki zambarau ile ile, kipande kimekimbilia komamanga. Nikarudi ndani: pacha. Nikatoka tena: si ndugu hata wa mbali. Nimeingia na kutoka mara nne, hadi muuza simu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Najua inavyotokea, nimewahi kuiona kwa kahawia, lakini haijawahi kunitesa hivi. Rangi mbili zinaweza kufanana kwa macho huku zimetengenezwa na vitu tofauti. Taa ya LED haina mwanga wote ulio ndani ya jua, inaficha tofauti. Jua linatoka na kila kitu hadharani. Na zambarau ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa inasimama kwenye ncha mbili za upinde wa mvua, mguu mmoja kwenye nyekundu, mguu mwingine kwenye samawati. Ukibadilisha mwanga kidogo tu, inayumba upande mmoja. (Umeme wetu nao, ukienda tu nje ya mji kuna ule uwanja wa sola uliofunguliwa Desemba 2019, megawati 50. Jua lilelile linauza mwanga wa kunidanganyia.)

Kisha nikakumbuka kipande cha nne, cha udadisi. Ndani: kiko karibu, si pacha, kinataka kuongezewa weusi. Nje: kiko karibu vilevile. Hakikimbii. Ni kwa sababu rangi ile ni zambarau yenyewe, haikuundwa kwa nyekundu na samawati kushikana mikono. Nikaongeza nyeusi ncha ya kijiti, nikapaka kipande cha tano. Kimekauka saa nane. Ndani sawa, nje sawa.

Ningefunga daftari hapa kama nisingempigia muuzaji wa Kariokor kumshukuru. "Hiyo ya chupa ni nzuri, mama," akasema, "lakini usiiache juani. Ni kama ile ya mbuzi." Nikanyamaza. Mbuzi wa jana akanijia mbele ya macho na bega lake.

Kwa hiyo ninazo mbili. Moja itadumu, lakini kila ikitoka nje mchana itamwaibisha mwenye mkoba. Nyingine itakuwa kweli ndani na nje, kisha itapauka, polepole, kwenye doa tu, wakati mkoba uliobaki haupauki.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya sala mji mzima ulikuwa unazungumza siasa, lakini binti alinijia na habari nyingine kabisa. Jana, Paris, mkoba wa kwanza wa Birkin umeuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa euro milioni 8.6. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi bilioni moja. Ni ule ambao Hermès walimtengenezea mwigizaji Jane Birkin katika miaka ya 1980. Nilidhani utakuwa wa rangi ya ajabu. Mweusi! Tena umechakaa: una alama za vibandiko alivyokuwa akibandika, mikwaruzo, na kikata kucha bado kinaning'inia kwenye mkanda.

"Umeona?" nikamwambia binti. "Huko wanalipia mikwaruzo. Wewe unanilipa niifiche."

"Eedo, mimi siyo Jane Birkin. Mimi nina shangazi saba na wote watakuwa ukumbini kesho."

Hana jibu zaidi ya hilo, na mimi pia sikuwa nalo. Shangazi saba ni mahakama.

Nikamweka juani mlangoni, nikamwonyesha vipande vyote viwili, cha tatu na cha tano, ndani na nje, nikamweleza bila kumficha. Cha tatu kitakufaa ukumbini usiku, kisha kila mchana wa maisha yake kitakusaliti. Cha tano kitakufaa kote, ila usikiache kwenye dirisha la gari wala kwenye jua la Garissa. Mwaka mmoja, miwili, kitaanza kufifia, utanirudia au utampata fundi wa huko. Mama yake akadakia: "Minneapolis jua liko wapi? Yeye huko anakaa kwenye theluji!" Binti akacheka, ila alikuwa anafikiri. Akaomba avishike vipande mkononi. Akavitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akivigeuzageuza, halafu akaniuliza swali ambalo mteja hajawahi kuniuliza:

"Ungekuwa wako, eedo?"

Nikamwambia cha tano. Sipendi kitu kinachosubiri mtu atoke nje ndipo kimuumbue.

Usiku huu nimefanya kazi. Nimesafisha pembe ile kwa kitambaa chenye unyevu, si spiriti, spiriti imeshafanya yake. Nimepaka kwa pamba iliyofungwa kwenye kitambaa laini, tabaka tano nyembamba, kila moja nikiipepea kwa kadibodi. Kosa la mafundi wengi ni tabaka moja nene, inakaa juu kama lami. Rangi inatakiwa ilale ndani, vitundu vya nywele za mbuzi vibaki wazi, uvisikie ukipitisha kidole gumba. Ukingoni, pale rangi ya zamani inapokutana na mpya, nilipitisha pamba iliyokaribia kukauka, nikizungusha, hadi mpaka ukapotea. Juu yake koti jepesi la nta.

Kisha jaribio ninaloliogopa: kitambaa cheupe, nikasugua mara hamsini. Binti atavaa dirac ya dhahabu na zambarau inayoachia ingemwandika ubavuni mbele ya shangazi wote saba. Kitambaa kimetoka safi. Nikasugua tena hamsini, sijiamini. Safi.

Saa saba na nusu usiku. Vidole vyangu vimekuwa vya zambarau hadi kwenye kucha. Mume wangu ameviangalia, amesema nimepuliziwa dawa.

Jumamosi, 12 Julai

Wameuchukua saa nne. Binti alitoka nao nje moja kwa moja, bila kuutazama ndani, akauinua juani.

Hakusema neno, alinikumbatia tu.

Jumatatu, 14 Julai

Mama mtu amekuja peke yake kumalizia deni. Shilingi 2,500, na juu yake halwa iliyofungwa kwenye karatasi. Anasema usiku hakuna aliyegundua. Asubuhi ya Jumapili walikunywa chai shambani kwa mjomba, kando ya mto, chini ya miembe, na binti mwenyewe ndiye aliyewaonyesha shangazi zake ile pembe: "Tafuteni doa." Wakashindwa. Shangazi mmoja tu, mzee kuliko wote, aliweka kidole pale pale. Hakutumia macho, alipapasa.

Nimemuuliza alihisi nini. "Anasema ni laini kuliko kwingine." Ni ile nta. Nilizidisha.

Kipande cha tano nimekipigilia mlangoni, upande wa nje, jua la asubuhi linapoanzia. Nusu nimeifunika kwa kadibodi, nusu iko wazi. Nyuma yake nimeandika tarehe 12 Julai 2025. Leo ni siku ya tatu, na nusu zote mbili bado ni sawa.